Ukiulizwa, Lalama

Siku mama aliponileta bwenini chuoni hakunihimiza nisome. Kusoma alijua nitasoma. Mimi nikishika kitabu, chungu kiungue jikoni siinuki. Alichoniambia, mkono mmoja kwenye mlango wa gari na wazazi wengine wakimpigia honi nyuma, ni hiki: "Ukiulizwa waendeleaje, lalama. Kidogo tu, lakini lalama. Mtu asikusikie ukinena mazuri yako."

Kwetu neno hilo halihitaji maelezo. Sisi ni watu wa Mombasa, na jicho la hasidi tunaliamini kama wengine wanavyoamini utabiri wa mvua. Mtoto akizaliwa mzuri tunasema hana pua. Shangazi yangu wa Temple Hills, huku Marekani, alinunua nyumba, na kwa miezi mingi akawa anatuambia bado anatafuta pa kupanga. Tulijua ana nyumba siku alipotualika kula humo, na hata hapo, sisi tukisifu jiko, yeye alikuwa akituonyesha nyufa za ukuta. Hasidi hana sababu, ndivyo tulivyolelewa. Sura yake huijui, na mara nyingi ni yule anayekuchekea kuliko wote.

La pili lilikuwa onyo. Mama hakutaka kabisa nilale nje. Kwao msichana anatoka nyumbani kwa ndoa, hatoki kwa kemia. Kilichomlainisha ni foleni tu: aliyewahi kutoka kwetu Woodbridge asubuhi akashika ile barabara ya tisini na tano mpaka avuke daraja aingie Maryland kuliko na chuo, anajua mtu anaweza kuzeekea njiani. Akakubali, lakini kwa sharti. "Mwaka mmoja wa kukujaribu," alisema. "Nikisikia neno moja baya, la masomo au la tabia, naja kukuchukua. Sipigi simu, naja." Na mama hatishi tu. Alishawahi kumtoa dada yangu kwenye sherehe ya kuzaliwa kwa watu, keki bado haijakatwa.

Nami nilikitaka kile chumba, wallahi nilikitaka. Nyumbani tulikuwa wasichana watatu chumba kimoja, na kabati ambalo mlango wake ukifungua unagonga kitanda. Pale bwenini nilikuwa na dirisha, meza yangu na ufunguo wangu. Usiku wa kwanza niliufungua ule mlango na kuufunga tena bila haja yoyote. Nikajiambia, humu hanitoi mtu.

Taabu ni kwamba watu wa kule wanauliza. Mimi nilikuja nchi hii nikiwa na miaka kumi na minne, na mpaka leo simwamini mtu anayeniuliza hali huku anatembea. Ukija kumjibu, kisogo kishapita. Lakini hao wana afadhali. Wabaya ni wale wanaokaa wakakungoja ujibu. Mshauri wangu wa masomo alikuwa mama wa makamo mwenye bakuli la peremende mezani. Akaniuliza, kalamu mkononi, ni kitu gani kinaniendea vizuri. Kinaniendea vizuri! Nikamtazama. Mtu hujala naye hata tonge moja, anataka umfungulie kabati. Nikamwambia kemia inanitesa, silali, sijui kama nitafika Krismasi. Akatikisa kichwa, akaandika. Ukweli ni kwamba kemia ilikuwa ikinipenda kama kitinda mimba. Jaribio la kwanza nilipata alama zote ila moja, na hiyo moja nilikuwa na hoja nayo.

Wiki ile ile barua pepe zikaanza kumiminika. Kituo cha kusaidia wanafunzi kinanikaribisha. Mtu wa ushauri nasaha angependa tuzungumze. Kuna mafunzo ya kupanga muda, na pizza itakuwepo. Nikajiuliza, hawa wananifuatia nini? Nani kawapelekea habari zangu? Haikunijia hata kidogo kwamba ni mimi mwenyewe. Nikazifuta zote, na ile ya pizza niliisoma mara mbili kabla ya kuifuta.

Lakini aliyenitia wasiwasi kuliko wote alikuwa mwenzangu wa chumba, kwa sababu alijua Kiswahili. Mzungu unaweza kusema na simu mbele yake ukamaliza siri zote za ukoo. Huyu hapana. Alikuwa Mkongomani wa Kivu. Wazazi wake wanaishi Manassas, na kanisa lao linasali ndani ya ghala lililopakana na gereji. Alikuwa mkubwa wa mwili na wa kicheko, na akiingia chumbani anaanzia habari katikati. Aliniambia habari za kambi waliyokaa kabla ya kuja, za kaka yake anayesemeshwa kwa Kiswahili yeye akijibu kwa Kiingereza, na za tumbo lake. Mimi nilimwambia jina langu na kwamba vumbi hunipigisha chafya.

Kila jioni alikuwa na swali moja. "Dada, shimi iko naendaje?" Shimi kwao ndiyo kemia, na tulikuwa tukiisoma sote wawili, vikundi tofauti. Nami nikalalama. Na niseme kweli, nilikuwa na kipaji. Nilishika kichwa. Nilivuta pumzi ya wajane. "Wacha tu, dada," nikasema, "hii itaniua. Mwaka hauishi nitarudi kwetu na aibu." Majaribio yaliyorudishwa niliyaficha chini ya godoro. Nikienda maktaba nilisema naenda kupunga upepo, hata siku za baridi kali. Yeye akaniambia, "Pole, dada, pole sana," macho yamemlegea, na mimi nikawaza, huyu anafurahi.

Kisha nikaanza kuona mambo.

La kwanza lilikuwa chakula. Kila nilipotoka nyumbani mama alinifungia mahamri na kuku wa kupaka, na mwenzangu alikuwa mlaji wa haki. Mchuzi ukimkolea aling'oa nyama mpaka mfupa unang'aa. Lakini Jumatano moja nilimkaribisha, akakataa. Jumatano nyingine akakataa tena, hata chai. "Leo hapana, dada," akasema, akageukia ukutani. Kwetu mtu anayekataa chakula chako bila sababu, ana sababu. Ama anajua alichokitia yeye, ama anaogopa ulichokitia wewe. Usiku huo sikumla kuku huyo, nikamtupa, na mama angejua angenilaani.

La pili, simu. Nilitoka bafuni nikamkuta kwenye korido amegeukia dirisha. Nikasikia, "mwenzangu... shimi... hapana, anaendelea kuzama tu." Aliponiona alishusha sauti, akaanza kuuliza habari za harusi ya mtu.

La tatu, nilimkamata akinipiga picha kwa pembeni, nimeinama mezani. "Mwangaza iko muzuri," akasema. Mwangaza gani? Nje theluji ilikuwa inaanguka na mbingu ni ya rangi ya maji ya kufulia.

Na la nne ndilo lililoniondoa usingizi. Jumamosi moja nilikuwa nyumbani Woodbridge, mama kanituma duka la Waafrika, nachagua ndizi za kupika. Mama mmoja wa vitenge, simjui hanijui, akaja akanishika mikono yote miwili. "Binti," akaniambia, "usivunjike moyo. Tuko na weye." Na mwenzake nyuma yake akanitazama kama watu wanavyotazama jeneza likipita. Wako na mimi wapi? Sura yangu wameipata kwa nani? Niliziacha ndizi pale pale, nikakimbilia garini, nikajisomea Falaq na Nasi, sura za kinga, nikapangusa mikono kwa kitambaa chenye dawa mpaka ikakauka. Nyumbani nilisema ndizi zilikuwa zimeoza.

Kikulacho ki nguoni mwako. Picha sasa ilikuwa kamili: msichana huyu alikuwa akinitangaza. Alikuwa akieneza habari Manassas nzima kwamba ninafeli, na anayetangaza kuanguka kwako mara nyingi anakungoja uanguke. Sikuogopa kufeli. Niliogopa lile neno lisije likavuka barabara likamfikia mama, maana lisemwalo lipo, kama halipo laja, na mama hangepiga simu. Nilifikiria kuomba kuhamishwa chumba, lakini ofisi ingeniuliza kwa nini, na ningewajibu nini? Nikaamua kujilinda. Nikaanza kusomea maji yangu ya kunywa. Kitana changu nilikifungia kwenye sanduku, na nywele zilizong'oka nilizitupa chooni nikahakikisha zimekwenda. Na alama zangu, badala ya kuniliwaza, zilinitisha zaidi kadiri zilivyopanda. Nikipata A nilitazama nyuma yangu.

Ilikuwa mchana wa Aprili, nimetoka darasani, nikamkuta mama amesimama katikati ya chumba. Mlinzi wa mlangoni alimruhusu, akamfungulia. Nani amzuie mama yangu akiwa amevaa buibui na uso ule? Miguuni kwake kulikuwa na mifuko ile mikubwa ya mirabamiraba, mitupu, na mmoja keshaanza kuujaza nguo zangu.

"Keti," akasema. "La, usiketi. Nipe hizo shuka."

"Mama, kuna nini?"

"Waniuliza mimi? Mimi nauliza, watu wa kazini kwangu ndio waniambie habari za mwanangu?"

Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya wazee, kuwaosha na kuwalisha, na zamu yake ni moja na mama Mkongomani wa Manassas. Asubuhi ile, wakimgeuza mzee kitandani, yule mama alimwambia kwa upole, "Mama, pole na mutoto. Tuko nafunga juu yake kila siku ya tatu. Mungu hatamuacha." Siku ya tatu kwao ndiyo Jumatano. Mama aliuliza mtoto gani. Akaonyeshwa picha kwenye simu. Ni mimi, nimeinama mezani, kwa pembeni.

"Kanisa zima," mama alisema. "Kanisa zima lajua wafeli, mimi sijui. Nilisimama pale na beseni mkononi kama mjinga."

"Sifeli, mama! Nafaulu!"

"Wanificha mimi?"

"Si wewe uliyenifunza kuficha?"

"Nilikwambia uwafiche watu! Mimi ni watu?"

Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka. Nikamwapia. Hakuamini. Na angeaminije? Kila Ijumaa kwa simu aliniuliza masomo, na mimi, kwa kuwa mlango wa pale ni mwembamba na mwenzangu yupo kitandani, nilimjibu yeye pia kwa kulalama. Nilidhani ananisoma. Nilidhani mama na mimi tuna lugha yetu. Kumbe wiki zote hizo alikuwa akikata simu anaketi jikoni peke yake na hofu, na hakuniuliza zaidi kwa kuogopa jibu.

Mwenzangu akaingia wakati huo. Aliona mifuko, akaona shuka, akaelewa, na akapiga magoti. Mtu mzima yule, kwenye zulia la bwenini.

"Mama, musimuchukue," akasema. "Naomba. Anajitahidi. Hata na baridi anatoka kwenda kulia inje, anasema anapunga upepo. Tuko nafunga. Mungu atatenda, mutuachie huu mwezi tu."

"Nani kakwambia nafeli?" nilimfokea. "Nani?"

Akanitazama, mdomo wazi. "Si weye? Ulisema shimi itakuua. Ulisema utarudi kwenu na aibu. Kila siku ninauliza, kila siku unasema. Ningefanya nini? Nilipeleka jina yako mbele ya Mungu."

Nilifungua kompyuta kwa hasira, nikaingia kwenye ukurasa wa alama, nikaigeuza kwa mama. Hapo nilivunja mwiko wote tangu nizaliwe, mbele ya mtu baki. Mama aliinamia kioo. Kiingereza cha masomo hakijui vizuri, lakini A anaijua. Alizifuata kwa kidole, moja, nyingine, nyingine, na ile ya kemia. Kisha mkono wake ukafunika kioo pap, haraka, na akamtupia jicho mwenzangu aliyekuwa bado magotini.

"Maasha Allah," akanong'ona, akanitemea mate ya juu juu. "Maasha Allah. Funga hiyo kitu."

Nikafunga. Nikafikiri yamekwisha, atachukua mifuko yake aende. Hakwenda. Aliketi kitandani kwangu na mikono mapajani, na nikaona jambo linamsumbua. Kesho yake alikuwa na zamu. Yule mama wa Manassas angekuwepo, na huruma yake, na wale wauguzi wengine watakaomuuliza "mtoto vipi sasa?" kwa sauti ya matanga. Kunyamaza, angeendelea kuhurumiwa mpaka astaafu. Kusema, angetoa siri ya A za mwanawe kwa kanisa zima.

"Mimi hasidi namuweza," alisema hatimaye, kama anayejisemesha. "Hasidi nina dua zake. Huruma sina dua yake."

Akatoa simu, akaweka sauti kubwa, akampigia yule mama. "Dada," akasema, "yule mtoto mliyemfungia. Amefaulu. A tupu." Lile neno lilimtoka kwa shida kama jino. Upande wa pili zikapasuka vigelegele vya kumtoa mtu roho. "Mungu ni mukubwa! Amejibu! Mungu amejibu!" Mama alisogeza simu mbali na sikio, uso umemkunjamana, midomo inamtembea, alikuwa anasoma kinga upesi upesi, awahi kabla vigelegele havijatua. Lakini hakukanusha kwamba Mungu amejibu.

Alipokata simu alizirudisha nguo zangu kwenye kabati, moja moja, akizikunja upya kwa sababu kukunja kwangu hakumridhishi. "Utabaki," akasema. Akamwinua mwenzangu kwa kiwiko, akamwambia ahsante, ahsante sana mwanangu, na hata hapo mkono wake mwingine ulikuwa umeshika tasbihi mfukoni. Nilimsindikiza mpaka garini. Furaha niliyokuwa nayo nikipanda ngazi kurudi, siwezi kuisema. Chumba ni changu. Ufunguo ni wangu.

Mwenzangu alikuwa ameketi kwenye kiti chake, hajageuka.

"Tangu lini?" akaniuliza.

"Tangu lini nini?"

"Hizo A."

Ningeweza kumwambia ni za juzi. Ningeweza kumwachia muujiza wake. Ulikuwa pale mezani, tayari, na kanisa lake lishaupokea kwa vigelegele. Nilimtazama usoni nikitafuta kile kijicho nilichokingoja mwaka mzima. Sikukiona. Niliona midomo iliyokauka, maana ilikuwa Jumatano.

"Tangu Septemba," nikasema.

Hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Aliitikia kwa kichwa taratibu, akafungua kompyuta yake, na kwa mara ya kwanza akaigeuza upande wangu. Alama zake za kemia sikuweza kuzitazama kwa muda mrefu. Chini yake kulikuwa na onyo la chuo kwa maandishi mekundu, kwamba muhula ukiisha hivyo, hatarudi.

"Pale kanisani kila mutu anapewa nafasi ya jina moja," akasema. "Nilitoa ya kwako. Nilisema mi nitangoja, huyu dada yuko na hali mubaya kunishinda. Ningejua, ningetoa ya kwangu miye."

Mitihani ilikuwa wiki mbili mbele. Nilichukua daftari langu la kemia, nikavuta kiti changu mpaka kwenye meza yake. Hakunisogelea, wala hakuniambia niondoke.